Andika: Januari

Fomu ina kurasa sita, na kalamu imegoma.
Naipulizia kama mtu apoozaye uji,
naisugua kwenye mkono wa koti,
na Bi Hilda Coatsworth ananitazama,
mikono kaivika soksi za marehemu mumewe,
utadhani mwenye shida hapa ni mimi.

Chini ya sakafu hii, asema, kuna makaa ya mawe
ya kuupasha moto Mtaa wa Alma
mpaka vilembwe vyetu wazeeke.
Wilf aliyachimba miaka thelathini na mmoja.
Kisha shimo likafungwa, likatiwa zege kinywani,
na siku hizi joto huja kwa kadi.
Kadi hujazwa dukani kwa Gurdeep, pauni kumi kumi,
na nne kati yake humezwa na deni
kabla birika halijaanza hata kunung'unika.

Birika moja kwa siku.
La pili, Jumapili.

Mimi nimetumwa na halmashauri.
Mwaka huu tuna fungu la baridi,
latosha kaya mia moja na tisini.
Mezani kwangu yamelala maombi mia sita na manne.
Hilo halimo kwenye fomu.

Naweka kipimajoto juu ya televisheni.
Kinafikiri, kinasema: nane.
"Jikoni ni sita," asema, kwa fahari kidogo.

Ukurasa wa tatu nausoma kwa sauti:
*Je, mwombaji ni mtu asiyejiweza?*

"Nani hajiwezi?"

Ni neno la fomu tu, Bi Hilda.

"Nimefua kwa mkono nguo za wanaume wanne wa shimoni,
baba, kaka wawili, na huyo Wilf.
Mwaka wa mgomo nilipika supu ya watu mia mbili
ukumbini mwa kanisa, kwa sufuria za kuazima,
na kila sufuria ilirudi kwa mwenyewe.
Mimi najiweza. Asiyejiweza ni yule pale,"
akaelekeza soksi kwenye kipasha joto cha ukutani,
cheupe, kimya, kama jokofu lililosahau kazi yake.

"Mpe Agnieszka, mlango wa pili.
Ana kichanga cha wiki tano.
Usiku nakisikia kikikohoa,
na ukuta wetu huu ni jina tu."

Nimeshamwandika.

"Basi."

Ningeweza kuikunja fomu pale pale.
Mia sita na manne, toa moja.
Nakiri: hesabu hiyo niliipiga.

Ndipo pumzi yake ikatoka, ikaonekana,
kiwingu cheupe kati yetu, sebuleni,
na sote wawili tukajifanya hatukukiona.

Hapa pana nafasi, nikasema. *Aina ya udhaifu.*
Lazima nijaze kitu.

Akaangalia dirisha, barafu ilivyochora majani kwa ndani.
"Andika: Januari."

Nikaandika.

Alhamisi kamati ikakaa.
Diwani mmoja akavua miwani:
"Januari ni ugonjwa gani?"
Hakuna aliyemjibu.
Ukumbini mlikuwa na joto la nyuzi ishirini na tatu;
mtu alikuwa amefungua dirisha.
Wakapitisha. Pauni mia mbili,
na fundi wa kuziba nyufa, akija.

Siku ya tisa akapiga simu.
Hakusema asante, wala sikuingoja.
"Nimetoa blanketi mlangoni mwa chumba cha mbele.
Ukipita huku, koti lako lina pa kutundikwa."

Nilitaka kumwambia fungu liliisha Jumanne.
Nilitaka kumuuliza kuhusu kile kikohozi.
Nikasema nitakuja.

Mbele yangu zilibaki fomu mia nne na kumi na nne.
Nikavuta ya juu, nikaanza barua ya kusikitika,
na kalamu, katika joto lile la ofisi,
ikaandika bila kugoma hata mara moja.